Nne ya Tangi Tupu

Hadi leo nikiiona namba nne imekaa peke yake kwenye skrini, vidole hunipoa. Naanza na hilo kwa sababu ninyi mnaochukua funguo zangu mtaikuta namba hiyo kila asubuhi pale mapokezi, ofisi ya Kabeza, na baada ya wiki mbili mtaizoea kama saa ya ukutani. Mimi sikuizoea. Nimeondoka kazini bado naitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

Kustaafu na miaka arobaini na saba kunachekesha watu, najua. Ushirika wetu wa maziwa umehamishia mashine zake zote kwa watu wanaozikodisha, mbali huko, katika nchi ambayo hata mkataba hauitaji kwa jina, na chumba cha seva nilichokipangusa vumbi miaka yote hii sasa kimewekwa magunia ya chumvi ya ng'ombe. Goti langu la kulia nalo limegoma kupanda ngazi ya paa. Meneja aliniuliza kama ningependa kazi nyingine ya kukaa mezani. Nilicheka, naye akaelewa. Kisha akaniomba niwaandikie ninyi vijana yale niliyoyajua. Orodha ya anwani na maneno ya siri mnayo tayari. Haya ni yale yasiyoingia kwenye orodha.

Nilisoma hadi kidato cha nne huko Ngara, ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, ambako wazazi wangu Wanyarwanda waliishi tangu ujana wao. Nikaenda Mwanza kumsalimia shangazi, nikakaa miaka mitatu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye mgahawa wa intaneti, na siku ya kwanza nilipewa brashi ya kupakia rangi, mpya kabisa, niitumie kuondoa makombo ya mandazi kwenye kibodi. Mashine kumi na mbili. Nilipofika ya tisa niliigusa waya nyuma yake, mgahawa wote ukazimika, na wateja wakanigeukia kwa pamoja. Ndivyo nilivyojua kwamba kompyuta zinashikana mikono. Baadaye nilikwenda Kampala, kisha Bujumbura, kila mahali nikijifunza kidogo na kuondoka miguu inapoanza kuwasha, au, niseme kweli, pale jambo linapoharibika na mtu anaanza kuuliza nani alifanya. Nilikuwa na begi moja la bluu ambalo sikuwahi kulitoa nguo zote. Kigali nilikuja kwa wiki mbili.

Aliyenizuia ni Mzee Saidi. Wengi wenu hamkumkuta. Ni mtu wa mtaa wa Biryogo hapa Kigali, babu yake alikuja na cherehani kutoka pwani, baba yake akashona, yeye mwenyewe alishona hadi siku mafundi wa simu walipochimba mtaro mbele ya baraza lake. Aliwatazama siku tatu, siku ya nne akaacha suruali ya mtu mezani akawafuata. Alipima waya kwa futi ya fundi cherehani, akazikata kwa mkasi mzito wa kitambaa, na kila ncha aliitia alama kwa chaki ya kushonea: buluu kwa Kabeza, nyekundu kwa Kabuga. Chaki hufutika, nilimwambia. Akasema ndiyo maana inabidi uje kuziangalia.

Siku yangu ya kwanza kwenye ushirika, ambako yeye ndiye alikuwa fundi wa mtandao, alinipandisha juu ya paa. Akanionyesha antena yetu inayotazama mashariki, kule Kabuga, kwenye kituo ambako wafugaji huleta maziwa na tangi kubwa la chuma huyapoza.

"Kule kuna maziwa," akasema. "Huku kuna namba. Wewe na mimi tuko hapo katikati, hewani. Ukianguka, anguka upande wa maziwa, kuna watu wa kukuokota."

Alikuwa na daftari la shule lenye jalada la kipande cha kitenge, na humo ndimo zilimoandikwa anwani zote za mtandao wetu. Kila mashine inayozungumza kwenye mtandao ina namba yake, na mashine mbili hazipaswi kuwa na namba moja, kama nyumba mbili zisivyopaswa kuwa na namba moja mtaani. Kabla ya kuipa mashine mpya anwani, ninyi mnaandika amri kwenye kibodi na kusubiri kama kuna atakayejibu. Hiyo Mzee Saidi aliiita kupiga hodi. Lakini sheria yake ilikuwa hodi tatu: ya kwanza kwenye kibodi, ya pili kwenye daftari, ya tatu kwa miguu au kwa simu, uulize waliopo.

Mimi niliona hodi moja inatosha.

"Binti," akaniambia, "mimi nikilala, mtu akapiga hodi, nasikia?"

"Husikii, Mzee."

"Basi akiingia akavaa viatu vyangu, sawa?"

Nilicheka. Nilimwona mtu wa zamani, mwenye vitu vya zamani.

Miaka ilipita. Nilijenga ile skrini ya mapokezi inayoonyesha joto la tangi. Mnaijua. Kipimajoto chenyewe kilicheleweshwa mpakani miezi kadhaa, na ili nisikae bure nikaandika programu ndogo ya kuigiza, ndani ya kompyuta yetu kuukuu ya kumbukumbu za ng'ombe na chanjo. Ukiiuliza joto ni ngapi, inajibu nne. Basi. Nne ndiyo joto zuri la maziwa, na nilihitaji namba yoyote ili nichague rangi na ukubwa wa maandishi. Kipimajoto cha kweli kilipofika tukakipa anwani inayoishia na arobaini, skrini ikaanza kukiuliza chenyewe, na ile programu yangu nikaisahau humo. Ilikuwa ikiamka kila kompyuta inapowashwa, inakaa, inasubiri swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kompyuta ile kuukuu ilipoanza kukohoa, tuliamua kuihamishia ndani ya mashine pepe. Kwa meneja, ambaye najua atasoma hapa: mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine kubwa kama mpangaji ndani ya nyumba. Kuna njia za kumpatia mpangaji huyo mtandao. Anaweza kupita mlango wa mwenye nyumba, na mtaani hakuna anayejua kwamba yupo. Anaweza kukosa mlango wa nje kabisa. Au unamtobolea mlango wake mwenyewe unaofungukia barabarani, na anwani yake mwenyewe. Hii ya mwisho ndiyo tuliyoihitaji, kwa sababu madaktari wa mifugo wa Kabuga walitaka kuzifungua kumbukumbu moja kwa moja. Na kwa kuwa ile kuukuu ingeendelea kuwaka wiki kadhaa pembeni ili tulinganishe, mashine pepe ilihitaji anwani mpya.

Nilifanya kazi hiyo Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Mtaa wetu wa Kabeza ulizibua mtaro na kufyeka majani, saa nne tulikuwa tumemaliza, na watu walipoketi kwa mkutano mimi nilijipenyeza nyuma ya kibanda cha mama wa mkaa nikaenda ofisini. Sijivunii. Mchana nilikuwa na basi la kwenda Rusumo, nivuke hadi Ngara. Nilikuwa nimeota mteremko wa shule yetu usiku mbili mfululizo, na mimi nikiota mahali, siwezi kukaa. Daftari la Mzee Saidi lilikuwa ndani ya droo yake, imefungwa. Simu yake ilikuwa imezimwa, kwa kuwa yeye mkutano hatoroki.

Niliinakili kompyuta kuukuu yote kama ilivyo, nikampa mpangaji mlango wake, nikatafuta namba. Nilipiga hodi thelathini na nane, ikajibu. Thelathini na tisa, ikajibu. Arobaini, kimya. Nikarudia mara nne, kimya. Nikampa arobaini.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninaposhtuka hadi leo. Siku ya umuganda barabara hazipitiki hadi saa tano, hakuna mfugaji anayeleta maziwa asubuhi. Kwa hiyo asubuhi hiyo ndiyo Kabuga huosha tangi, na kisanduku cha kipimajoto huzimwa kisiingie maji. Hilo nililijua. Niliwahi hata kushika bomba la maji na kuwasaidia. Nililijua jambo hilo kama ninavyolijua jina langu, na arobaini ya kipimajoto tuliitoa sisi wenyewe, na bado vidole vyangu vikaandika arobaini.

Na basi letu lilipita Kabuga. Niliwaona kwa dirisha: geti la buluu liko wazi, mitungi imepangwa kichwa chini, na Mama Josiane, mtunza tangi wetu, amekunja nguo kiunoni anasukuma maji kwa fagio. Ufunguo wa tangi ulikuwa shingoni mwake kwenye kamba ya katani, kama siku zote kwa miaka kumi na moja. Alinipungia. Nami nikampungia. Dakika mbili zingetosha kushuka na kumuuliza.

Jumapili mchana nilikuwa Ngara, kwenye mteremko ule, ambao ulikuwa mfupi kuliko katika ndoto. Simu ikalia.

"Conso, maziwa iko moto," akasema Mama Josiane bila salamu.

"Mama, skrini inasemaje?"

"Nimepigia mlinzi wa ofisi, anasema nne. Mimi nimeweka mkono kwa tangi. Iko na joto kama mtoto wa homa."

"Na mashine ya kupoza?"

"Imenyamaza tangu asubuhi."

"Ikifika nne si hunyamaza? Ndiyo kazi yake."

"Fundi naye anakataa kuja. Anasema nimpe namba, si hadithi. Kale kadirisha ka kipimajoto kalikufa siku nyingi, mimi nasoma wapi? Conso, mkono yangu inasema ingine."

Ndipo nikasema neno ambalo nikilikumbuka natamani mteremko ule ungefunguka unimeze. Nilikuwa na haraka, jua zuri, mtu ananichemshia ndizi. Nikasema, "Mkono hauna namba, mama. Amini skrini."

"Sawa," akasema, akakata.

Jumatatu asubuhi gari lilikuja kuchukua maziwa. Dereva akachanganya maziwa na spiriti kwenye kikombe, kama inavyopasa kupima kama yamechacha, na yakagandana vipande vipande mbele ya macho yao. Akarudia, yakagandana. Tangi lote likafunguliwa kwa chini, maziwa yakaenda mtaroni. Wafugaji walikuwa wamesimama pale na mitungi ya asubuhi mkononi. Waliniambia baadaye kwamba mzee mmoja alivua kofia. Ninyi mmekulia hapa, mnajua ni kitu gani kuyatazama maziwa yakimwagwa chini.

Fundi akaja, akazima mashine ya kupoza, akaiwasha, ikanguruma vizuri kabisa. Meneja akatazama kumbukumbu za skrini: nne, nne, nne, siku mbili nzima. Basi akaona kwamba maziwa hayakuharibikia kwenye tangi. Yaliingia yakiwa mabovu, na aliyeyapokea bila kuyapima ni mtu mmoja.

"Nilipiga simu," Mama Josiane akamwambia. "Nilisema iko moto."

"Skrini haina sababu ya kumwonea mtu," akajibu meneja. Akanyoosha mkono, na mbele ya wafugaji wote Mama Josiane akaupitisha ufunguo juu ya kichwa chake, kamba ikanasa kwenye kitambaa, ikabidi mtu amsaidie. Kamati ikaitwa Jumatano kuthibitisha.

Haya yote niliyasikia Jumanne asubuhi, nikiwa na vumbi la safari bado kwenye viatu. Sitasema nilishuku kitu. Nilimsikitikia, nikasema miaka kumi na moja ni mingi, mtu huchoka. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mapokezi, nikiwa na chai mkononi. Mzee Saidi alikuwa amekaa chini ya skrini anafunga waya, akawa anazungumza na Kabuga kwa simu.

"Tangi mmelifungua? Tangu jana? Liko juani?" Akaiondoa simu sikioni. Akainua macho kwenye skrini, nami nikayafuata macho yake.

Nne.

"Conso," akasema polepole. "Tangi ni tupu. Limefunguliwa mfuniko, linakauka juani tangu jana. Hii ni nne ya nini?"

Kikombe nilikiweka mezani, kikaanguka, kwa kuwa meza ilikuwa upande mwingine. Nilikimbilia chumba cha seva nikitaka kuchomoa waya, nikasimama katikati na mkono hewani, maana mashine ile haikuwa na waya. Haikuwa na kitu cha kushika. Ikabidi nikae kwenye kiti kama mtu mstaarabu, niandike neno la siri, nikalikosea mara mbili, kisha niizime kwa kubofya. Kutoka mapokezi nikamsikia Mzee Saidi.

"Imepotea... Imerudi. Thelathini na moja."

Thelathini na moja ndilo lilikuwa joto la kweli la chuma kitupu juani. Zile nne zote zilikuwa zangu. Mashine ya kupoza ilikuwa imekwama yenyewe Jumapili, na nne yangu ikalificha jambo hilo. Skrini ilikuwa inauliza arobaini joto ni ngapi, na badala ya kipimajoto cha Kabuga, mashine isiyo na mwili, iliyokaa hatua tatu kutoka kwenye skrini na hivyo kuwahi kujibu, ilikuwa inasema nne. Programu yangu iliyosahauliwa ilikuwa hatimaye imeulizwa. Ilijibu kwa uaminifu, juu ya tangi ambalo haijawahi kuliona.

Mzee Saidi akaja akasimama mlangoni. Hakufoka.

"Viatu vya nani?" akauliza.

"Vya kipimajoto, Mzee."

"Kesho kamati inakaa. Utasema wewe au niseme mimi?"

Nilimwomba anipe hadi jioni. Nikaenda nyumbani. Begi la bluu lilikuwa pale pale karibu na mlango, nusu lina nguo. Nililifunga zipu. Mwanza niliondoka hivi, Kampala hivi. Kilichonirudisha si ujasiri. Nilijaribu kufikiria njia ya kwenda mahali popote na nikaona kila basi ninalolijua la mashariki linapita mbele ya geti lile la buluu. Nikarudi ofisini kwa miguu.

Meneja alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nionyeshe hiyo mashine."

Nikampeleka. Nikamwonyesha sanduku.

"Hii ni ile kompyuta kubwa."

"Ndiyo. Yenyewe imo ndani."

Akainama akachungulia kwenye matundu ya hewa. "Siioni."

"Haionekani, bwana meneja."

"Yaani nimemvua mama wa watu ufunguo kwa ushahidi wa kitu kisichoonekana?" Akaketi juu ya boksi la waya. "Wale wazee wa kamati hawatakubali hadithi hii. Mimi mwenyewe siikubali, nami nimesoma."

Ndiyo maana Jumatano tulikwenda Kabuga na thermosi ya chai.

Kamati ilikaa kwenye mabenchi kando ya tangi, wafugaji saba, mwenyekiti wao akiwa yule mzee aliyevua kofia. Mama Josiane alikaa mwisho kabisa. Shingo yake ilikuwa na mstari mweupe pale kamba ilipokuwa. Fundi alichomoa ncha ya kipimajoto kwenye tangi, nami nikamimina chai ya maziwa inayofuka moshi kwenye kikombe cha bati, nikaitumbukiza humo. Mzee Saidi alikuwa Kabeza, ameiwasha tena mashine pepe kwa makusudi. Nikampigia mlinzi, nikaweka simu juu ya mtungi kwa sauti kubwa.

"Soma skrini," nikasema.

"Nne," akajibu mlinzi.

Mwenyekiti akainuka, akaja na fimbo yake, akatumbukiza kidole kwenye kikombe.

"Mana yanjye!" Akaruka, akakitia kidole mdomoni. "Soma tena wewe!"

"Nne, mzee. Hapa iko nne."

"Nne gani? Imenichoma!"

"Mzee Saidi," nikasema, "izime."

Tulisikia vitufe kule mbali, kisha mlinzi akavuta pumzi. "Yewe! Sitini na nane!"

Nilikuwa nimepanga maneno ya kueleza, na mifano ya nyumba na mpangaji. Sikuyasema. Nilisema kwamba mashine ile niliiweka mimi, siku ambayo nilikuwa na haraka ya kusafiri, na kwamba Jumapili Mama Josiane alinipigia akaniambia ukweli, nikamwambia mkono hauna namba. Wazee walinitazama kama watu waliogundua kwamba daraja wanalolipita kila siku limechorwa tu. Mmoja akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Na hizo namba zingine mnazotusomea? Za chanjo?" Ilichukua miezi miwili kuzipitia zote kwa mkono.

Mwenyekiti alichukua ufunguo kwa meneja, akampelekea Mama Josiane kwa mikono miwili. Hakuupokea.

"Ngoja," akasema. "Huyu kwanza."

Akainuka, akakichukua kile kikombe cha bati, akaja hadi nilipokuwa.

"Digrii ngapi?"

Mnajua nilifanya nini? Niligeuka kuitazama simu. Mbele ya watu wote, baada ya yote yale.

"Acha simu. Shika."

Nikakishika. Kilikuwa kimeanza kupoa lakini kilichoma viganja, naye hakuondoa macho kwangu.

"Moto," nikasema.

"Mkono yako iko na namba?"

"Haina, mama."

"Na bado imejua." Akageuka, akaupokea ufunguo, akauvaa. Kisha akawaambia wazee kwamba wanaokaa bure waondoke, anataka kuosha.

Meneja aliniandikia barua ya onyo. Katika barua zote za kazini ndiyo pekee niliyoitunza, imo ndani ya daftari la kitenge, ambalo Mzee Saidi alinipa alipoacha kazi na kurudi kwenye cherehani. Ile kanuni mnayoiona imebandikwa juu ya skrini, kwamba Kabuga wakisema tofauti na namba basi mtu aende mwenyewe siku hiyo hiyo, ni maneno ya Mama Josiane, mimi niliyanyoosha tu. Tangu siku ile nimetoa anwani nyingi sana. Kila moja nilipiga hodi tatu, na ya tatu wakati mwingine ilinigharimu nusu siku na soli za viatu. Mara nne, kwa hodi hiyo ya tatu tu, niligundua kuwa kuna aliyelala ndani.

Mmeniambia kwamba mashine mpya za kukodi hujigawia anwani zenyewe na haziwezi kugongana. Huenda ni kweli. Mmeniambia pia kwamba nikitaka ninaweza kuiona ile skrini kwenye simu yangu, popote nitakapokuwa, na mkanifungulia ruhusa. Asanteni. Mlikuwa na nia njema.

Siku tatu baada ya kurudisha funguo nilipanda basi la Rusumo. Begi la bluu, safari hii tupu karibu lote. Tulipokaribia geti la buluu nilimwambia dereva nashuka, akalalamika kwamba nimelipa hadi mpakani, nikashuka. Mama Josiane alikuwa anapokea mtungi wa mwisho, nywele zimeanza kuwa nyeupe pembeni, ufunguo shingoni. Hakuniuliza nimefuata nini. Nilipita kando yake hadi kwenye tangi, nikaweka kiganja juu ya chuma, nikakiacha hapo mpaka baridi ikapanda kwenye kiwiko.

"Skrini yenu inasema ngapi leo?" akauliza nyuma yangu.

"Sijaiangalia," nikasema.